Umeme mdogo kichwani baada ya kiharusi: mkono utajifunza upya?

BintiFundi: Habari zenu wakuu. Baba ni fundi cherehani, kiharusi kilimshika mkono wa kulia. Akiufuata mkasi mezani, mkono unapita pembeni upana wa kiganja. Anarudia mara nne, tano, jasho linamtoka. Nasikia kuna umeme unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, bila kupasua. Unasaidia kweli?

TibaViungo: Pole sana dada. Umeme haufundishi mkono, mazoezi ndiyo yanayofundisha. Mwaka 2011 mtafiti Galea na wenzake walipitisha umeme huo, miliampia 2, kwa watu wenye afya, wakiendesha kishale cha kompyuta kilichopotoshwa njia, kisiufuate mkono sawasawa. Umeme ukiwa kisogoni, juu ya ubongo mdogo, walirekebisha makosa upesi zaidi. Ukiwa juu ya sehemu inayoamuru misuli, kasi haikuongezeka, ila walichojifunza kilidumu. Mimi hilo lilinigusa: kujifunza na kukumbuka havikai chumba kimoja. Lakini waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara.

BintiFundi: Kuna mtu ananiuzia kifaa.

TibaViungo: Usinunue, tafadhali. Huo ni ubongo wa baba.

Mama Riziki: Mwanangu, mume wangu tulimwekea vifungo vya shati kwenye sahani. Avichukue kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Baba yako anavijua vifungo kuliko mpira wa mazoezi.

BintiFundi: Ahsante mama. Vifungo vipo kopo zima.