Gumzo la ukoo: "hostile" na "hostel"

Neema: Shikamooni. Mjomba, maneno ya Kiingereza hostile na hostel ni ndugu, au herufi zimefanana tu?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Ni ndugu. Hostile imetoka kwenye Kilatini hostilis, "-a adui", na shina lake ni hostis. Ila hostis hapo kale hakuwa adui, alikuwa mgeni! Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ameliandika hilo katika kitabu chake De Officiis: wahenga wa Roma walimwita hostis mtu ambaye zama zake yeye aliitwa peregrinus, mtu wa nje. Ushahidi wake ni Sheria za Mbao 12, sheria za kale za Roma za mnamo 450 K.K., zinazotaja siku iliyopangwa ya kesi kati ya Mroma na hostis. Baadaye neno likamwacha mgeni, likamganda anayekuja na silaha.

Baraka: Na enemy je?

Mjomba Idi: Hiyo ni inimicus, "asiye rafiki", ikapitia Kifaransa. Waroma walitenganisha: inimicus ni hasimu wako wewe, hostis ni adui wa dola nzima.

Shangazi Tumu: Tusiisahau hostel. Upande wa pili wa ukoo ni hospes, neno moja la Kilatini kwa mwenyeji na kwa mgeni wake. Humo zimetoka hospital, hostel na hotel, nasi tukapata hospitali, hosteli, hoteli. Guest nayo ni ya shina hilohilo la kale, ila Kilatini haikuipitia, ilishuka kwa njia ya lugha za Kijerumani.

Neema: Kwenye sinema nasikia hostile inatamkwa kama hostel kabisa 🤔

Shangazi Tumu: Hao ni Wamarekani. Uingereza mwisho wake ni "-tail". Usikilize sentensi: hostel ni jina la mahali, hostile ni sifa, na mara nyingi hufuatwa na to au towards. Ukiandika hostile against watakusahihisha.

Baraka: Basi host ni mwenyeji tu?

Mjomba Idi: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Host ziko tatu. Ya mwenyeji ni ya hospes. Ya kanisani, mkate wa komunyo, imetoka kwenye hostia, na asili yake ni mnyama wa sadaka. Ya tatu ni jeshi, nayo ni hostis yuleyule, kwa kuwa Kilatini cha zama za kati kilimgeuza adui kuwa jeshi. Ndiyo maana Lord of hosts kwenye Biblia yetu ni Bwana wa majeshi. Ukitafsiri "Bwana wa wenyeji" umeharibu aya.