Mechi za saa saba usiku: Kombe la Dunia mwaka huu tuangalie wapi hapa Mombasa?

Mvuka Feri (Likoni)

Salamu wenzangu. Idd ya Mfungo Tatu imepita, sasa kinachonishughulisha ni ratiba. Kombe laanza tarehe 11 Juni kule Meksiko, Marekani na Kanada, timu 48, mechi 104. Kwao mchana, kwetu usiku. Ufunguzi, Meksiko na Afrika Kusini, ni saa nne usiku. Ufaransa na Senegal tarehe 16, saa nne pia. Brazil na Moroko ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 14. Nyingine ni za alfajiri kabisa.

Nina ami yangu, ana miaka 71, goti lamsumbua, na mpira ndio furaha yake kubwa iliyobaki. Kila kombe tumeangalia pamoja tangu mimi niko darasa la tatu, na televisheni yetu imekufa mwezi uliopita. Nimelinganisha hivi. Banda la mpira liko dakika tano kutoka nyumbani, shilingi hamsini. Mkahawa wa Nyali una skrini ya ukuta mzima, lakini ni mbali na bei yake mwaijua. Rafiki yangu wa Mji wa Kale ananiita barazani kwao, bure. Hapo kati kuna feri. Nyinyi mngempeleka wapi mzee kama huyu?

Kahawa Chungu (Kibokoni)

Mlete barazani, hapana pengine. Nitakwambia kwa nini. Mwaka 2022 Moroko na Ureno walicheza saa kumi na mbili jioni. Televisheni tulikuwa tumeitoa nje, imewekwa juu ya meza ya kupigia pasi, waya umepita dirishani. Magharibi ilipoadhiniwa tukaiacha inacheza peke yake, baraza zima likaenda kuswali. Tukarudi, kila mtu akakaa pale pale alipokuwa amekaa, muuza kahawa akaanza kugonga vikombe vyake, na dakika ya 42 En-Nesyri wa Moroko akaruka juu ya kipa. Kuna mzee mmoja wetu hakupiga kelele. Alishika kikombe kwa mikono miwili akalia. Timu ya Afrika kuingia nusu fainali kwa mara ya kwanza, na sisi tumeketi mlangoni kwetu. Hilo, skrini ya ukutani haiwezi kukupa.

Kwa haki ya Mungu nitaje na upungufu. Mechi za saa saba sauti lazima tuipunguze, kuna wagonjwa na watoto wachanga kwenye nyumba hizi, na kuta zetu zimegusana. Na baraza ni la saruji, mzee wa goti atataka mto na mahali pa kuegemea. Mto tunao.

Mwenye Banda (Mshomoroni)

Mimi naendesha banda, kwa hivyo wengine watasema najipigia debe, lakini nisikilizeni. Bandani mtu analipa ili aone mpira, na hapati kitu kingine: hakuna muziki wa kuingilia kati, hakuna wa kuja kusimama mbele yako na sinia. Nina televisheni mbili na dekoda mbili, na hilo ndilo swali la kwanza mngeuliza kabla ya kuchagua banda lolote. Mechi za mwisho za kila kundi huchezwa mbili kwa wakati mmoja. Banda la dekoda moja litakuonyesha Ghana na Kroatia, na wewe hesabu yako iko kwa Uingereza na Panama, utabaki kuulizana na watu wa simu. Pili, ulizeni jenereta. Stima ikipotea dakika ya themanini, mwenye jenereta anakurudisha mchezoni kabla hujamaliza kulalamika.

Bei yangu ya ligi ni hamsini. Kwa mechi za saa saba na za alfajiri nitachukua mia, kwa sababu usiku ule namlipa kijana wa mlangoni, na watu wanaokuja ni thelathini, si mia mbili.

Lakini Mvuka Feri, kwa mzee wako sikushauri. Benchi zetu hazina mgongo. Nimewaona wazee wakiinuka mapumziko wameshika kiuno, kipindi cha pili hawarudi. Na mwaka huu mechi ni ndefu zaidi, kwa kuwa kila kipindi kitasimama dakika tatu wachezaji wanywe maji. Ya saa nne itaisha saa sita na zaidi. Ikifika hatua ya mtoano na kukawa na dakika za nyongeza na penalti, hesabu karibu saa saba.

Mama wa Tudor

Nawasoma wote mnaongea kama kwamba wanaopenda mpira ni wanaume tu. Barazani sisi hatuketi, bandani ukiingia mwanamke mmoja kati ya wanaume mia unaangalia mlango kuliko mpira. Kwa hivyo mimi na dada zangu huenda mkahawani Nyali, na nitausema kwa ubaya na uzuri wake.

Uzuri: kiti chenye mgongo, choo safi, taa hadi nje, askari mlangoni. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kukaa nawe. Kwa ami mwenye goti hiki ndicho kiti kinachomfaa kuliko vyote vilivyotajwa hapo juu.

Ubaya: pesa. Hawatozi kiingilio, wanatoza chakula, na hutakaa saa mbili na nusu na soda moja mbele yako. Sisi watatu hatutoki chini ya elfu mbili, na hapo hujaweka tuktuk ya usiku ambayo bei yake si ya mchana. Halafu, kuna pahali, sipataji, tulilipa meza mapema kwa fainali ya 2022. Tumefika robo saa kabla, meza ina watu wengine, tukaambiwa tusubiri nyuma karibu na jikoni. Argentina na Ufaransa 3-3, Mbappé mabao matatu, mimi nayaona katikati ya vichwa viwili vya watu nisiowajua. Pesa zilirudishwa, lakini fainali ile hairudi. Tangu siku hiyo nikiweka meza nataka risiti yenye namba ya meza, na nafika saa nzima kabla.

Kahawa Chungu (Kibokoni)

Mama wa Tudor, maneno yako nimeyapokea na yana ukweli. Kwetu kina mama huangalia ndani, televisheni ya pili, mlango wazi, na kelele zao hutushinda sisi wa nje. Lakini ni kweli mgeni hawezi kuja tu akaingia ndani ya nyumba ya watu.

Zamu ya Usiku (Changamwe)

Mimi ni wa bandarini, nusu ya mechi hizi zitanikuta kazini au natoka kazini, kwa hivyo nilidhani simu itanitosha. Nawaomba msiingie mtego huo. Mechi ya simu, kwa intaneti, huchelewa kuliko ya dishi. Mwaka 2022 nilikuwa kwangu Magongo na simu mkononi, mchezaji yuko bado katikati ya uwanja anatafuta wa kumpa pasi, na mtaa mzima umeshapiga kelele. Nikajua ni bao. Nikakaa nasubiri kitu ninachokijua. Mara tatu usiku mmoja! Nikaizima, nikatoka nje kwenda kusimama dirishani kwa jirani.

Kama simu ndiyo pekee, basi angalia mahali ambapo hakuna mwenye dishi karibu.

Na kuhusu wale wanaosubiri skrini kubwa ya uwanja wa wazi pale Mama Ngina, nawakumbusha tu kwamba Juni ni kusi. Upepo ule wa baharini na manyunyu ya ghafla, mtu wa miaka 71 hamuweki hapo saa tano usiku.

Mzee wa Tononoka

Vijana, nimefurahi kuona mwenye banda ameeleza habari ya mechi mbili kwa wakati mmoja. Niongeze asili yake, maana ina uhusiano na sisi Waafrika. Mwaka 1982 kule Uhispania, Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1. Dunia haikuamini. Algeria wakamaliza mechi zao siku moja kabla, na kesho yake Ujerumani na Austria wakaingia uwanjani Gijón wakijua kwamba bao moja la Ujerumani litawapitisha wote wawili. Likapatikana mapema, dakika ya kumi, kisha wakagusiana mpira hadi mwisho. Algeria wakatolewa. Kuanzia 1986 ndipo mechi za mwisho za kundi zikawekwa kwa wakati mmoja.

Sasa tazameni ratiba ya mwaka huu, kundi la Argentina. Mechi ya mwisho ya Algeria ni na nani? Na Austria. Miaka 44 imepita. Kwetu ni saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili tarehe 28 Juni. Mimi hiyo nitaiangalia, popote nitakapokuwa.

Kuhusu ami yako, Mvuka Feri, nakuuliza jambo moja ambalo hakuna aliyekuuliza. Ule mteremko wa feri anaushuka vipi?

Mvuka Feri (Likoni)

Mzee wangu, shikamoo, na umenigusa pale pale. Hauwezi. Mara ya mwisho tulimpeleka kliniki mjini, maji yamepwa na mteremko umekuwa mkali, tulimshika watu wawili huku na huku na umati unatupita mbio. Alifika juu amechoka, hasemi. Kumfanyia hivyo saa saba usiku wakati feri zenyewe zimepungua, halafu kumrudisha, hapana. Nilikuwa nalinganisha skrini na bei, na njia sikuitia hesabuni.

Kahawa Chungu, moyo wangu uko barazani kwenu, na nitakuja peke yangu siku ya Moroko. Mama wa Tudor, kiti umenishawishi. Kwa hivyo nimeanza kuwaza: badala ya kumpeleka ami kwenye mpira, tuulete mpira kwa ami. Nyumba yetu ina baraza lililoezekwa. Maskani yetu tuko kumi na wawili. Kila mtu akitoa elfu mbili na mia tano ni elfu thelathini, tunapata televisheni nzuri ya inchi 43 na mwezi mmoja wa dekoda. Kombe likiisha televisheni inabaki kwa ami.

Mwenye Banda (Mshomoroni)

Hapo umefikiri. Waya wa kutoka ndani ununue mnene, usitumie ule mwembamba wa kuchajia simu, ukipata joto unaweza kuunguza. Televisheni iinueni juu ya usawa wa vichwa vya waliokaa, na isielekee taa ya barabarani, la sivyo mtaona taa badala ya mpira. Kusi ikivuma mvua huingia kwa upande, muwe na turubai.

Mama wa Tudor

Na upande mmoja wa baraza wekeni viti vya kina mama, msisahau. Dada yangu anakaa Likoni.

Mvuka Feri (Likoni)

Viti vitakuwepo, dadangu, mwambie aje na wenzake.

Narudi kuwapa habari. Hadi jana usiku wanane wameshatoa. Nilimweleza ami baada ya Isha, yuko kitini kwake amenyoosha mguu. Pesa hakuziuliza, wala ukubwa wa televisheni. Nilipomtajia maneno ya Mzee wa Tononoka alinyamaza kidogo, kisha akaniambia majina ya wafungaji wa Algeria wa 1982, Madjer na Belloumi, kana kwamba wamefunga juzi. Akaniuliza mechi ile ni saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja, itakutana na adhana.

Akasema kiti chake kiwekwe karibu na mlango. Ataswali kwanza, na akitoka bado kipindi cha kwanza kitakuwa kinaendelea.