Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuiacha tamthilia ya Lost njiani

Habari zenu wakuu. Nina jambo linanikosesha raha. Mdogo wangu wa kike amefika msimu wa kwanza, sehemu ya 18, ile Hurley, mmoja wa manusura wa ajali ya ndege kisiwani, anavyosimulia zile namba za bahati nasibu: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Alikuwa ameshanogewa, anaziandika mpaka nyuma ya daftari. Sasa mwenzake kazini kamwambia, "Usijisumbue, wote walikufa siku ndege ilipoanguka."

Jamani, si kweli! Kwenye sehemu ya mwisho, ile ya Mei 2010, baba yake Jack, yule daktari mhusika mkuu, anamweleza mwanawe wazi kwamba yaliyomtokea yalikuwa ya kweli, na kwamba wengine walikufa kabla yake, wengine baada yake kwa muda mrefu. Naamini kilichowapoteza wengi ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni, zinazopita pamoja na majina mwishoni.

Mimi nina nadharia yangu kuhusu namba hizo. Ukizijumlisha unapata 108, na kile kitufe cha kwenye handaki la chini ya ardhi kule kisiwani kinabonyezwa kila dakika 108. Nashindwa kuamini ni bahati tu. Natamani tujadiliane naye akifika huko.

Naombeni ushauri: nimshawishije aendelee bila kumtobolea mwisho? Nikimtajia maneno ya baba yake Jack, nimemharibia. Nikinyamaza, anaiacha. Waliowahi kumwanzishia mtu tamthilia hii, mlifanyaje?