Nimeitwa TRIO chuoni, mama hataki na mimi nahisi sistahili. Naombeni ushauri

BintiWaZamu:
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 19, niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Marekani, lengo langu uuguzi. Tulikuja na mama, watoto watatu, mimi ndiye mkubwa. Tuna ukaazi wa kudumu.

Wiki iliyopita nilipata barua pepe kutoka ofisi ya TRIO, zile programu za serikali kuu za kusaidia wanafunzi, upande wa Student Support Services inayosaidia walio chuoni, kwamba huenda nina sifa za kujiunga. Nimesoma masharti nikakwama. Wanachukua wenye kipato cha chini, wale ambao wazazi wao hawana digrii, na wenye ulemavu. Baba yangu ana digrii ya ualimu. Aliachana na mama nikiwa na miaka 7, akabaki huko nyumbani, na tangu siku ile hatujaona senti yake. Mama aliishia darasa la saba. Nikijaza kwamba mimi ni wa kwanza kufika chuo, si nitakuwa nimedanganya? Halafu mama mwaka 2024 alipata dola 52,000 kwa kazi mbili, na kikomo cha mwaka 2025 cha familia ya watu wanne naona kilikuwa 48,225.

Na mama mwenyewe hataki kusikia. Nilimsomea ile barua jikoni. Nilipofika kwenye maneno "wanafunzi wasio na uwezo" akafunga bomba, akasema, "Sikuvuka bahari ili mwanangu aandikwe fukara." Akaendelea kuosha vyombo. Sijaligusa tena.

Ukweli nahitaji msaada. Kemia nimepata 48 kwenye mtihani wa katikati ya muhula, na nafanya zamu za usiku ghalani siku nne kwa wiki. Nafikiria kuacha tu kuhudhuria hilo somo.

MzeeWaFomu:
Binti, nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya namna hiyo. Tulia, tuchukue moja moja.

Digrii ya baba haikufungii mlango. Kanuni inasema hivi: kama kabla ya miaka 18 uliishi na kutunzwa na mzazi mmoja tu, anayeangaliwa ni huyo mmoja, na awe hana digrii ya kwanza. Mama yako hana. Jaza kwa moyo mweupe.

Kipato ndipo watu wetu wengi wanapojiondoa wenyewe. Ile 48,225 hailinganishwi na mshahara wote, inalinganishwa na kipato kinachotozwa kodi. Chukua fomu ya kodi ya mama, ile 1040, ya mwaka 2024, shuka mpaka mstari wa 15. Kama alijaza kama mkuu wa kaya, alikatiwa dola 21,900 kabla ya kodi kuhesabiwa. 52,000 toa hizo, inabaki 30,100. Uko ndani, tena mbali na ukingo.

Ukweli wenyewe ni kwamba wewe ndiye wanayekutafuta. Kwa sheria, angalau theluthi mbili ya wanafunzi wao lazima wawe na kipato cha chini na pia wazazi wasio na digrii, au wawe na ulemavu. Wewe una yote mawili ya kwanza.

Sasa kemia. Tafadhali usitoweke. Kutohudhuria si kuacha somo. Jina lako linabaki kwenye orodha na mwisho wa muhula linaandikwa F. Kuacha somo kunafanywa rasmi, kabla ya tarehe iliyowekwa na chuo. Kabla hujafanya hivyo ulizia ofisi ya misaada ya masomo: ukishuka chini ya krediti 12 unakuwa si mwanafunzi wa muda wote, na fedha zako zinaweza kuguswa. Na atakayeacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada wa serikali kuu inarudishwa, chuo kinamgeukia yeye kwa deni. Nimeona vijana wazuri wakishindwa kujisajili muhula unaofuata kwa sababu hiyo tu.

Mjukuu_wa_Bibi:
Samahani kudandia uzi. Mimi nimelelewa na bibi na shangazi, wazazi wote wawili sikuishi nao. Shangazi ana digrii. Nimo au simo?

MzeeWaFomu:
Umo, mradi shangazi hakukuasili kisheria. Asiyeishi na mzazi yeyote wala kutunzwa naye kabla ya miaka 18 naye anahesabiwa.

NilikataaMimi:
Dada, mimi niliitwa nikaona haya. Niliona ni ofisi ya wanaofeli. Mwenzangu wa chumbani aliingia. Yeye kila akikwama alikuwa na mtu mmoja anayemjua kwa jina: huyo huyo alimkalisha akamchagulia masomo ya muhula, akamtafutia wa kumfundisha takwimu bila malipo, akakaa naye kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa masomo, mpaka ikaisha. Mimi nilikuwa nauliza wenzangu ambao nao hawajui. Nilichukua masomo mawili yasiyohesabika kwenye fani yangu na nikayalipia kwa mkopo. Yeye alimaliza kwa miaka minne, mimi sita. Bado naulipa.

Kigingi:
Ingia, ila jua ulipo. Si kila chuo kina programu hii, na chuo kinaiombea fedha upya kila baada ya miaka mitano. Bajeti ya mwaka 2026 iliyopendekezwa na rais ilitaka TRIO ifutwe kabisa. Nafasi zikijaa unasubiri. Peleka fomu wiki hii.

MamaWatatu:
Mwanangu, mama yako namwelewa. Aliyefanya kazi mbili miaka yote ili watoto wasiombe, ukimsomea neno lile anaona jasho lake limefutwa.

Usimsomee tena barua. Mpeleke ofisini aone. Mimi wa kwangu alinipeleka nikiwa bado na sare ya kazi. Nilikuta meza, vijana wawili na mwalimu wakibishana juu ya hesabu ubaoni, na ukutani picha ya Ronald McNair. Nikauliza ni nani. Nikaambiwa ni mtoto wa Lake City, South Carolina, aliyepata udaktari wa fizikia chuo cha MIT mwaka 1976, akawa mwanaanga, akafa na chombo cha Challenger mwaka 1986. Programu moja ya TRIO ya kuwaandaa vijana kwa shahada ya udaktari imepewa jina lake. Nikatia saini palepale. Na saini ya mzazi huenda ukaihitaji, kwa sababu wanataka uthibitisho wa kipato.

Wadogo zako wako darasa la ngapi? Kama kuna wa sekondari, ulizia Upward Bound, nayo ni ya TRIO. Ipo tangu miaka ya 1960, na kiangazi inawapa masomo ya wiki sita.

BintiWaZamu:
Ahsanteni sana, sana. Nimeangalia mstari wa 15: ni 30,100 kweli.

Mama amekubali kuja Alhamisi kabla ya zamu yake. Hakusema mengi, aliuliza tu kama pale wanapokea na wadogo. Wa pili yuko darasa la kumi. Kemia bado nahudhuria. Nimemwandikia mwalimu, ameniambia nije Jumatatu na karatasi ya mtihani.