Naomba ushauri: kitenzi *wesaną kwenye wingi niweke s au z?

Habari zenu wakuu. Nasoma isimu historia na nimepewa kazi ya kuandika mnyumbuliko wa kitenzi cha Kigermaniki Asilia (lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na Kigothi, isiyo na maandishi; ndiyo maana maumbo yake yaliyokisiwa huwekewa nyota) *wesaną, "kuwa". Asili yake naielewa: mzizi wake ulimaanisha kukaa, kuishi mahali, na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina vasati, "anakaa". Wakati uliopo haunisumbui, kwa kuwa unatumia mzizi mwingine kabisa (Kigothi, lugha ya Wagothi iliyokwisha kufa: im, is, ist), kama sisi tunavyosema "ni" leo na "alikuwa" jana.

Nimekwama kwenye wakati uliopita. Umoja ni *was. Wingi, vitabu vinaandika *wēzun, kwa kanuni ya Karl Verner wa Denmark: mkazo ulikuwa kwenye kiambishi tamati, hivyo s ikawa z, kisha baadaye r. Ndiyo maana Kiingereza kina was na were, na Kijerumani cha kale was na wārun. Naipenda sana hoja hii.

Lakini Kigothi, chenye maandishi marefu ya kale kuliko ndugu zake, tangu karne ya 4, kina wesun, kwa s! Nahisi Wagothi waliusawazisha wingi ufanane na umoja, ila sijui nitetee vipi mbele ya mwalimu. Je, inatosha kuonyesha vitenzi vingine ambavyo Kigothi kimevisawazisha hivyo hivyo? Au nianze na ushahidi wa r katika lugha za Kigermaniki za magharibi na kaskazini? Aliyewahi kuandika jedwali la namna hii anielekeze tafadhali, nakabidhi Ijumaa.