Naombeni ushauri: wodini huruma ninayo, nyumbani imeniisha, na kinyongo kimenikaa pande zote mbili

Kofia Nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, zamu za mchana na usiku kwa kupokezana. Nina mambo mawili, nayaweka pamoja kwa sababu nimeshindwa kuyatenganisha.

Kazini: mwenzangu alimwambia inchaji (mkuu wa wodi), mbele ya wanafunzi, kwamba mimi ndiye niliyeacha chati ya dawa bila saini. Zamu ile haikuwa yangu na rosta ipo ukutani. Hakuna aliyenitaka radhi. Tangu hapo salamu yetu ni "eeh", na wagonjwa tunakabidhiana mbiombio.

Nyumbani: mama mkwe kapata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Familia imekaa na kuamua nimhudumie mimi kwa kuwa "si ndiyo kazi yake". Mama huyu kanisema vibaya kwa ndugu miaka yote ya ndoa. Wodini nabembeleza mtu mpaka anameza dawa. Nikifika kwake sina hata neno.

Je, huruma ndiyo imeisha au ni kinyongo? Naanzia wapi? Ushauri wa "muachie Mungu" ninao wa kutosha, naomba wa vitendo.

Zamu Ndefu

Pole dada. Hayo mambo mawili yanafanana usoni lakini dawa zake ni tofauti, kwa hiyo pima kwanza.

Uchovu wa huruma hauchagui mtu. Ukiwa nao, hata mgonjwa mpole asiyekukosea anakuchosha, kengele ya kitanda inakuudhi kabla hujajua nani kaibonyeza, na mtu akilia unaona anakupotezea muda. Kinyongo kina mtu wake. Kwa maelezo yako, wagonjwa wa wodini bado unawabembeleza, kwa hiyo mimi naegemea kinyongo, pamoja na uchovu wa kawaida wa mwili unaokipa nguvu.

Kama unataka kuwa na uhakika, kuna dodoso la bure linaitwa ProQOL, limetengenezwa kwa watu wanaohudumia wengine. Lina maswali 30, unajibu kwa siku 30 zilizopita kwa namba 1 hadi 5. Majibu yanagawanywa mafungu matatu ya maswali 10: kuridhika na kazi ya kuhudumia, kuchoshwa na kazi, na athari za kubeba maumivu ya wengine. Kila fungu, jumla ya 22 kushuka chini ni ya chini, 23 hadi 41 ni ya kati, 42 kwenda juu ni ya juu. Wengi wanakosea hapa: maswali matano ya fungu la kuchoshwa hugeuzwa kabla ya kujumlisha (1 inakuwa 5, 2 inakuwa 4), ukisahau utajiona mgonjwa bure. Na usilijaze asubuhi umetoka zamu ya usiku. Lala kwanza. Tena si kipimo cha ugonjwa, ni cha kukuonyesha pa kuanzia tu.

Mjukuu wa Bibi

Dada samehe tu, maisha mafupi haya.

Zamu Ndefu

@Mjukuu wa Bibi, mkuu, kaomba vitendo. Kusamehe nako kuna hatua. Robert Enright, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na jambo hili kwa miongo kadhaa, anazipanga nne: kufukua hasira na kuitaja, kuamua, kufanya kazi yenyewe ya kumtazama aliyekukosea kama mtu kamili, halafu kuona umepata nini humo. Anayeambiwa "samehe tu" anarushwa hatua ya kwanza, ndiyo maana baada ya wiki mbili kinyongo kinarudi na ndugu zake.

Tena kusamehe si kupatana, wala si kuacha kutoa taarifa. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukajaza fomu ya tukio, kama kakupiga au kachezea dawa za wagonjwa.

Kabidhi Sawasawa

Mimi nitagusa hilo la kukabidhiana mbiombio, maana hapo anayeumia hamjui ugomvi wenu.

Watu wawili walionuniana hawaachi kukabidhi mambo makubwa, hayo yameandikwa. Yanayodondoka ni yale ya mdomo. Mfano: mgonjwa wa kisukari kachomwa insulini ya kawaida saa 12 jioni, chakula kikaja akakila vijiko viwili akasukuma sahani. Chati inaonyesha insulini imetolewa, saini ipo, kila kitu safi. Hilo la sahani linasemwa kwa mdomo. Insulini hiyo huanza kazi kama nusu saa baada ya kuchomwa na nguvu yake hupanda kati ya saa mbili na nne. Anayepokea zamu saa 1 bila kuambiwa, saa 3 usiku anamkuta mgonjwa ana jasho na anaongea ovyo.

Kwa hiyo msitegemee mapenzi, tegemeeni utaratibu:

Kabidhianeni kando ya kitanda, chati ikiwa wazi, mnaisoma wote wawili. Si kaunta, wala si kwenye korido huku mmoja anavaa koti.

Kila mgonjwa apite mpangilio uleule: hali yake sasa, historia fupi, unavyomwona, kinachotakiwa kufanywa na saa ngapi. Ni ule mpangilio wa SBAR. Faida yake kwa watu walionuna ni kwamba hauhitaji kuchangamka, unajaza nafasi nne unaondoka.

Dripu semeni kwa namba. "Inaendelea" si taarifa. "Imebaki mililita 500, inakwenda 125 kwa saa, itaisha baada ya saa 4" ni taarifa. Kama hamna pampu na seti ni ya matone 20 kwa mililita, hayo ni kama matone 42 kwa dakika. Hesabuni pamoja palepale.

Mwisho mpokeaji arudie yale ya hatari tu: insulini, dawa za kuyeyusha damu, potasiamu, morfini. Akirudia vibaya unasahihisha bila kuguna. Ule mguno ndio unaomfanya kesho asiulize.

Kofia Nyeupe

@Kabidhi Sawasawa nimekuelewa vizuri sana, hilo la sahani limenigusa. Na mwenyewe je, nimfuate au ninyamaze?

Meza ya Matroni

Mfuate, lakini chagua wakati. Usimfuate mwisho wa zamu ya usiku wala wakati wa kugawa dawa. Omba dakika 10, mlango ufungwe, wawili tu. Ukimpeleka shahidi kikao cha kwanza, umeshakigeuza kesi.

Andaa sentensi tatu na usizidishe: kitendo, kilichotokea kwako, ombi. Kitu kama hiki:

"Dada, Jumatatu asubuhi ulimwambia inchaji mbele ya wanafunzi kwamba ile chati niliiacha mimi. Zamu ile haikuwa yangu, na tangu siku hiyo wanafunzi wananiuliza kama nimesaini kila nikitoa dawa. Naomba umwambie inchaji ilivyokuwa, na siku nyingine ukiona kasoro nianze mimi kuisikia."

Halafu nyamaza. Kimya kinatesa na wengi hapo ndipo wanapoharibu, wanakijaza kwa "na hata mwaka jana ulinifanyia..." Ukishafungua kabati la zamani, hoja yako ya chati inazama na yeye anapata pa kutokea. "Wewe kila siku" nalo ni neno la kuacha nyumbani, kwa sababu atatafuta siku moja ambayo hakufanya na ataipata.

Akikataa kabisa, nenda kwa inchaji na rosta mkononi. Omba rekodi isahihishwe, usiombe aadhibiwe. Hayo maombi mawili yanapokelewa tofauti kabisa ofisini.

Na tafadhali, sauti za WhatsApp hapana. Zinasambaa.

Kisu cha Ofisi

Mimi ningesubiri naye akosee, nikajaza fomu ya tukio. Dawa ya moto ni moto.

Meza ya Matroni

@Kisu cha Ofisi, hapo utakuwa umeua fomu yenyewe. Fomu ya tukio ipo ili tujue tundu liko wapi: labda kuna chati mbili za mgonjwa mmoja, labda kalamu ya kusainia haipo kwenye toroli, labda dawa zinagawiwa muda uleule wa raundi. Wodi ikijua fomu ni fimbo, watu wanaacha kujaza, na makosa yanaendelea kimyakimya.

Na faili la mgonjwa ndiyo kabisa. Humo unaandika ulichokiona na saa. "Dozi ya saa 12 haina saini, daktari amejulishwa saa 12:40." Ukiandika "muuguzi wa zamu iliyopita alizembea", umeweka kinyongo chako kwenye hati ya kisheria.

Mnyoosha Viungo

Nimeona watu wote wamekimbilia wodini, mama mkwe kaachwa. Nyumbani ndiko kugumu.

Dada, kulegea upande wa kulia maana yake mara nyingi ubongo umeumia upande wa kushoto, na kwa watu wengi ndiko zinakokaa njia za lugha. Kabla hujasema kanuna, chunguza kama anaelewa na kama anaweza kutoa maneno. Mwambie "funga macho", bila kumwonyesha kwa mkono. Mwonyeshe kijiko umuulize jina lake. Akishindwa, ule ukimya si kiburi. Kiharusi kinaweza pia kumfanya mtu alie au acheke bila sababu. Kama ulikuwa unasubiri siku atakayokuita akuombe radhi, huenda hana tena maneno ya kuombea hiyo radhi. Jipangie ukijua hivyo.

Pili, na hili nalisema wazi, kinyongo cha mhudumu hutokea mikononi. Hakuna anayemtukana mgonjwa; anamlisha haraka, anachelewa kubadili nepi, anamvuta. Mambo matatu ya kujilinda:

Usimvute mkono uliolegea, kamwe. Misuli iliyokuwa inashikilia bega haipo kazini, ukivuta kiungo kinashuka na maumivu yake yanakaa miezi.

Chakula aketi wima kabisa, kijiko kidogo, ameze na mdomo uwe mtupu ndipo kijiko kingine. Abaki ameketi angalau nusu saa. Akikohoa au sauti ikawa na majimaji, simamisha. Ukiona unamharakisha, mkabidhi mtu mwingine bakuli.

Ngozi: kila ukimgeuza tazama juu ya makalio, nyonga na visigino. Palipobadilika rangi bonyeza kwa kidole; rangi isipopauka ukibonyeza, hapo kidonda kimeshaanza chini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, gusa kama pana joto au ugumu kuliko pembeni.

Huo upendo ukija uje, usipokuja hayo matatu yanatosha kumfanya awe salama. Huruma ya kazi hata wodini huwa inaanzia hapo, si moyoni.

Zamu Ndefu

Naongezea. Kosa lingine ni la mgawanyo. Wewe ni muuguzi wa familia, hujawa wafanyakazi wa wodi nzima. Kumgeuza kila saa 2 ni mara 12 kwa siku, na hapo hujamwogesha wala kumlisha. Mtu mmoja mwenye zamu za usiku hawezi, na kila usiku anaoamka peke yake anaongeza deni analowadai waliolala.

Kaa na mumeo kwanza, wifi baadaye. Pelekeni karatasi yenye kazi zote, saa zake na nafasi ya jina. Wewe chukua zinazohitaji utaalamu: dawa, presha, ngozi, kumeza. Kuogesha, kugeuza, kufua na kulisha, akishakuwa salama kumeza, ni za kufundishwa. Ukitoka zamu ya usiku jina lako lisiwepo mpaka umelala. Atakayesema hana muda aseme atalipia mhudumu wa saa ngapi.

Na mumeo usimweleze kinyongo cha mama yake siku hiyo hiyo. Siku ya karatasi ni ya karatasi.

Kofia Nyeupe

Asanteni sana. Maswali mawili: hasira ya miaka naipeleka wapi kama hataweza kuniomba radhi? Na wifi anasema hajui kumgeuza mgonjwa.

Meza ya Matroni

La hasira: andika. Dakika 15 hadi 20 mfululizo, siku tatu au nne, kitendo kimoja kimoja na ulivyojisikia, bila kujali sarufi. Baada ya kuandika unaweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda, ni kawaida, kwa hiyo usifanye kabla ya kulala wala kabla ya zamu. Karatasi chana. Usiandike kwenye simu ambayo watoto wanachezea, nisikusimulie.

Kabla ya kuingia chumbani kwake, kupaka kitakasa mikono kunachukua sekunde 20 hadi 30. Tumia hizo kujiambia kazi unayokwenda kufanya: "nakwenda kubadili shuka". Usijiambie jina lake.

Ukiona wiki mbili hulali hata ukipata nafasi, huna hamu ya chochote, unajitibu kwa pombe au vidonge vya usingizi, au mkono umeshaanza kumfinya, muone daktari au mshauri nje ya wodi yako. Ukifikiria kujidhuru au kumdhuru, ni leo, si kesho.

Mnyoosha Viungo

La wifi: muonyeshe mara moja, fanyeni pamoja, halafu afanye yeye wewe unatazama mikono nyuma. Kumgeuzia upande mzima, yaani kushoto:

Wifi asimame upande wa kushoto wa kitanda. Mkono wa kulia wa mama auweke juu ya kifua kwa kuukinga chini ya kiwiko, si kuvuta kifundo. Goti la kulia alikunje, nyayo ikae kitandani. Kichwa kigeukie kushoto. Mkono mmoja wa wifi nyuma ya bega, kwenye mfupa wa mgongoni, mwingine kwenye nyonga. Amwambie mama "tunageuka", ahesabu tatu, amvingirishe kumwelekea yeye. Mto nyuma ya mgongo, mwili uegemee kama nyuzi 30 tu ili asilalie mfupa wa nyonga. Mto kati ya magoti. Mkono wa kulia ulale mbele juu ya mto, vidole wazi. Visigino visiguse godoro.

Akimaliza aandike saa, upande na jina lake kwenye karatasi ya ukutani. Akiruka saa yake kila mtu ataona, na wewe hutahitaji kusema kitu.