Naomba ushauri: CT ya kichwa naiona safi, ila mgonjwa kapooza kulia na hasemi

DaktariWaZamu: Wakuu, niko hospitali ya mkoa, usiku huu msomaji wa picha hayupo. Mama wa makamo, upande wa kulia hauna nguvu, kauli imekata, kama masaa mawili hivi. Sukari iko sawa. Kwenye CT sioni damu, wala sioni kingine. Mnaangalia nini mapema hivi?

MzeeWaMionzi: CT safi masaa ya mwanzo haifuti kiharusi. Kwanza inakuhakikishia damu haijavuja, na hilo umelimaliza. Sasa punguza upana wa dirisha (kiwango cha rangi za kijivu zinazoonekana kwenye skrini) kutoka 80 hadi 40, kitovu kibaki 40. Amepooza kulia, kwa hiyo chunguza ubongo wa kushoto, ambao kwenye skrini uko kulia kwako. Anza na insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani pembeni; ule ukanda wake mwembamba wa kijivu hufutika mapema. Kisha kiini cha lentifomu, fungu la kijivu lililo ndani zaidi ya insula, kingo zake huingia ukungu. Mshipa wa kati wa ubongo nao uking'aa upande mmoja tu, shuku bonge la damu. Uking'aa pande zote mbili, mara nyingi ni damu nzito au chokaa kwenye kuta.

Mpiga_Picha: Hakikisha kichwa hakikulala upande. Sikio moja likitangulia kutokea kwenye slaisi, pande hazilingani na utaona ugonjwa usiokuwepo.

Kapuku: Nipo hapa najifunza, endeleeni 😂

DaktariWaZamu: Na zile alama za ASPECTS, za kupima kwenye CT ubongo umeathirika kiasi gani?

MzeeWaMionzi: Zilitoka Calgary, Kanada, mwaka 2000. Unaanza na 10, unatoa 1 kwa kila eneo lenye dalili mpya. Kovu la zamani, jeusi kama maji ya ubongo, usilihesabu. Zinahusu eneo la mshipa wa kati tu. Ila kama dawa ya kuyeyusha bonge ipo na hajavuka masaa 4 na nusu, usimcheleweshe kwa hesabu. Muda unaanzia alipoonekana mzima mara ya mwisho, si alipokutwa ameanguka. Aspirini subiri kwanza. Akipewa ile dawa, aspirini ni baada ya masaa 24.

DaktariWaZamu: Nimebana dirisha, insula ya kushoto imefifia kweli! Lentifomu ndiyo inanipa shida. Nampigia bingwa sasa hivi.

MzeeWaMionzi: Lentifomu kama unabishana nayo, usiikatie alama. Piga simu.